Limiti swichi kupitia moduli za mtandao: hom inaruka milimita 10, mchawi nani?

#1 NatiLegevu
Wakuu salaam. Nina mashine ya aksisi tatu ya kubeba na kupanga vipande, servo tatu (mota za kujipima zenyewe), PLC moja (kompyuta inayoendesha mashine) kwenye paneli kuu. Zamani kila limiti swichi (ya mwisho wa mwendo) na kila sensa ya hom (ya sehemu ya kuanzia kupimia) ilikuwa na waya wake mpaka kwenye paneli, mita kama 25, zote zinapita kwenye cheni ya nyaya inayocheza muda wote, na kila baada ya kipindi uzi mmoja unakatikia ndani na unakaa siku nzima kuutafuta. Nikachoka. Nikafunga moduli za rimoti I/O (visanduku vya kukusanya ishara) kule kule kwenye mashine, zile za kuhimili maji na vumbi zenye soketi za M12, sensa zote zinachomekwa pale, halafu inarudi kebo moja ya mtandao na moja ya 24 V basi. Cheni imekuwa nyepesi mpaka raha.

Sasa kimbembe. Kila asubuhi mashine inafanya homingi, yaani kila aksisi inatafuta sensa yake ya hom ijue sifuri iko wapi, na siku nyingi iko poa, ila mara moja moja aksisi ya X inahomu pembeni, na haikosei kidogo kidogo, inakosea milimita 10. Siku tatu safi, ya nne 10. Y na Z hazijawahi. Mtandao ni EtherNet/IP, RPI (kila baada ya muda gani moduli inatuma) nimeweka 20 ms, skani ya PLC (mzunguko mmoja wa programu) kama 8 ms, na draivu za mota nazo zinapokea amri kwa mtandao huo huo. Je, limiti na hom kupita kwenye moduli ya mtandao ni sawa, au nimejichimbia kaburi mwenyewe?

#2 KeboZaKale
Umejichimbia. Limiti inaingia kwenye draivu moja kwa moja, mengine yote ni mbwembwe za katalogi.

#3 mtoto_wa_PLC
Nimekaa pale, ngoja waje wajuzi.

#4 MzeeBreki
Tupige hesabu kabla ya kutishana. Ishara ikitoka kwenye swichi inakutana kwanza na filta ya inputi, moduli nyingi zinakuja na kama 3 ms. Halafu inasubiri zamu ya kutumwa, mpaka 20. Ikifika PLC inaweza kukuta skani ndo kwanza imeanza, kwa hiyo skani moja na kitu, sema 16 mbaya kabisa. Halafu amri ya kusimama nayo inasubiri zamu kurudi kwenye draivu, 20 nyingine. Jumla inakaribia 60 siku ikiwa mbaya, na siku ya bahati ni kama 12 tu, na wewe huwezi kujua leo ni siku gani. Kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde kila ms ni milimita moja. Yaani mashine imeshatembea 60 mm na draivu bado haina habari.

@NatiLegevu kasi yako ya juu ngapi na kutoka limiti mpaka stopa ya chuma una nafasi kiasi gani?

#5 NatiLegevu
Kasi ya juu 0.8 m/s, kupunguza mwendo nimeweka 5 m/s². Nafasi ni 80 mm. Homingi yenyewe inaenda polepole, 50 mm/s.

#6 MzeeBreki
Basi sikiliza kaka. Kasi mara kasi ni 0.64, gawa kwa mara mbili ya 5, unapata 64 mm za kufunga breki tu. Ongeza 48 mm za kuchelewa, 112. Na wewe una 80. Siku mtu akikosea programu na X ikaja na kasi yake yote, limiti itaona vizuri, taa itawaka vizuri, na utagonga chuma vizuri. Ungeipeleka kwenye inputi ya draivu ungetumia kama 67 na kubaki na chenji.

#7 KeboZaKale
Si nilisema #2 kwa mstari mmoja, nyie mnapenda kuandika.

#8 DadaRelay
Mnachanganya kazi tatu zenye swichi ya sura moja. Kuna swichi ya kumwambia PLC "umefika mwisho, geuka", hiyo ukitaka ipitishe hata kwenye moduli iliyopo jengo la pili. Kuna swichi ya kusimamisha aksisi iliyotoroka, hiyo ndo hesabu ya Mzee hapo juu. Na kuna ya hom, ambayo haijali sana kuchelewa, inajali kuchelewa *kusikolingana*. Ikichelewa 40 ms kila siku, hom itakuwa palepale kila siku. Shida ni leo 15 kesho 55.

Halafu draivu nyingi zinazofuata kanuni ya CiA 402 zina homingi zao ndani tayari, namba 1 na 2 ni limiti pamoja na palsi ya Z (alama ya enkoda inayotokea mara moja kila mzunguko wa mota, sio aksisi ya Z), 17 na 18 ni limiti bila Z. Draivu inakamata yenyewe na PLC inabaki kuambiwa tu "nimemaliza". Ila sasa kwa kawaida inategemea swichi iwe imefungwa kwenye draivu.

#9 TransfomaBubu
Swali dogo tu. Hatua ya skrubu yako ya X ni ngapi kwa mzunguko mmoja?

#10 NatiLegevu
Skrubu ya gololi, hatua 10, mota imeungwa moja kwa moja kwa kaplingi.

Ngoja kwanza.

10.

#11 mtoto_wa_PLC
😂😂😂

#12 TransfomaBubu
Ndo hapo. PLC yako inasubiri sensa iwake, ikiona inaiambia draivu "tafuta Z inayofuata". Kwa 50 mm/s na kuchelewa kati ya 12 na 60 ms, kuanzia sensa kuwaka mpaka draivu kuanza kutafuta umetembea kati ya 0.6 na 3 mm. Kama Z ya X imeangukia humo katikati, kuna asubuhi draivu inaiwahi na kuna asubuhi inaikuta imeshapita, inaenda kukamata ya mzunguko unaofuata. Kosa haliwezi kuwa 3 wala 7, ni 10 au hakuna.

Dawa ni kulisogeza bati la sensa, kile kipande cha chuma kinachoiwasha, mpaka Z iwe mbali na pale sensa inapowaka, nusu mzunguko hivi. Mtandao uache ulivyo. Aksisi za Y na Z zimepona kwa sababu mafundi walioziunga walikuwa na bahati, sio utaalam.

#13 GirisiMoja
Naheshimu hesabu ya Transfoma ila mnasahau neno alilosema mwenyewe, ASUBUHI. Sensa za proksi (zinazohisi chuma bila kugusa) zinahama na joto, asilimia 10 ya umbali wake wa kuhisi ni kitu cha kawaida kabisa kwenye karatasi za watengenezaji. Bati likiwa limekaa mbali na sensa, pembezoni pembezoni, hiyo asilimia inageuka milimita nzima. Kabla hujalaumu RPI nenda ukatikise stendi ya sensa kwa mkono. Robo tatu ya "matatizo ya mtandao" niliyoitiwa yalikuwa ni nati mbili.

#14 NatiLegevu
Jina langu lisikupe mawazo mkuu.

#15 Fyuzi_Imeungua
Mnajadili 20 ms wenzenu tunatumia mtandao wa Modbus RTU, biti 9600 kwa sekunde, moduli sita kwenye waya mmoja wa RS485, limiti zote huko, mwaka wa tatu huu hakuna kilichogonga.

#16 MzeeBreki
Modbus ya 9600 ombi ni herufi 8, jibu 6, kila herufi kama 1.1 ms, na ukimya wa herufi tatu na nusu kabla na baada. Moduli moja inakula kama 24 ms, sita ni karibu 150. Mashine yako inakwenda kasi gani kwani?

#17 Fyuzi_Imeungua
Ni geti la kuteleza. 30 mm kwa sekunde.

#18 MzeeBreki
Hahaha, hiyo ni 4.5 mm. Hapo hata njiwa angeipeleka hiyo ishara ikafika.

#19 KeboZaKale
Njiwa akichelewa anajulikana lakini, Modbus inakaa kimya.

#20 Wasiwasi_Mtupu
KeboZaKale umetania ila hilo la kukaa kimya ndo lililonileta humu. Yangu ilikuwa meza ya kupanda na kushuka, limiti ya juu kwenye moduli ya Modbus TCP. Nilifunga NC (inputi ni 1 muda wote, swichi ikiguswa inakuwa 0) kama tulivyofundishwa, waya ukikatika inputi inakuwa 0, meza inasimama. Siku moja kiunganishi cha mtandao kimelegea, PLC imeacha kupata majibu, na ile rejista kwenye kumbukumbu ya PLC imebaki na 1 ya mwisho iliyosomwa. Meza inapanda, limiti imeguswa, naiona kwa macho yangu kile kiguruduma kimelala kabisa, taa kwenye moduli imezima, na PLC inaonyesha 1, njia nyeupe. Nilikuwa nimesimama pembeni nashika kishikwambi, nilichofanya ni kupiga kelele kwanza ndo nikakumbuka emajensi stopu. Meza ilikuwa imeshapinda braketi.

Sasa hivi kila moduli yangu ina kaunta inayohesabu kila mawasiliano yakipita, kaunta isipobadilika ndani ya 100 ms PLC inachukulia limiti zote zimeguswa.

#21 mtoto_wa_PLC
Kwa hiyo NC haina maana kwenye mtandao?

#22 Wasiwasi_Mtupu
Ina maana kutoka swichi mpaka moduli. Kuanzia moduli kwenda PLC, NC inalinda hewa. Na ukifunga NO (kinyume chake, 1 ni pale inapoguswa) ni balaa la pili, maana kuna moduli na PLC ambazo mawasiliano yakikatika zinaweka 0 zenyewe, na kwa NO 0 ni "hujafika mwisho, endelea".

#23 DadaRelay
Nyongeza kwa #22, kwa mwenye EtherNet/IP usiishie kusoma inputi, soma na hali ya muunganisho. Na muda wa kugundua umekatika ni kizidisho cha RPI, cha chini ni 4, kwa hiyo Nati na 20 yake ana angalau 80 ms za upofu. @MzeeBreki hiyo hukuiweka kwenye hesabu.

#24 MzeeBreki
Kweli dada, nimekubali. 80 ms kwa 0.8 m/s ni 64 mm nyingine. Hapo nafasi yake yote imekwisha hata bila breki.

#25 SaaYaUkutani
Yote haya ni kwa sababu mmeng'ang'ania mtandao usio na zamu maalum. Nenda EtherCAT, ipo tangu 2003, mzunguko wa 1 ms ni kawaida, saa za moduli zote zinalingana chini ya mikrosekunde moja, na kuna moduli za inputi zinazopiga muhuri wa muda kwenye ishara. Hujali ishara imefika saa ngapi, unajua imetokea saa ngapi, unarudi nyuma kwenye rekodi ya enkoda unajua aksisi ilikuwa wapi. Mjadala umefungwa.

#26 TransfomaBubu
Haujafungwa. Filta ya 3 ms iko palepale usipoipunguza, na PLC yako ukiipa kazi ya 10 ms basi huo mzunguko wa 1 ms unakimbia kwenda kusubiri foleni. Muhuri wa muda nakubali, ule ni mzuri kwa hom. Ila kwa kusimamisha aksisi, kujua kwa usahihi ni saa ngapi ulipita limiti hakukurudishi.

#27 KeboZaKale
Hiyo sentensi ya mwisho naibandika kwenye mlango wa paneli.

#28 GirisiMoja
Halafu kuna ile ya bati fupi, sijaona mtu kaigusa. Niliwahi kuitwa kwenye mashine, limiti ina bati la 20 mm, aksisi ikipita kwa 2 m/s sensa inawaka 10 ms inazima. Moduli inasomwa kila 20. Nusu ya safari PLC haikuona kitu. Na hata ikiona, aksisi ikishapita bati sensa inarudi kawaida, programu inasema hatupo kwenye limiti, endelea, wakati gari liko nje ya barabara. Bati la limiti liwe refu mpaka kwenye stopa ya chuma, ukiingia huko usitoke mpaka uondolewe. Tulikata bamba la 120 mm tukalifunga, ndo ikawa mwisho wa kuitwa.

#29 Fyuzi_Imeungua
Hilo hata kwenye geti langu nalifanya kesho.

#30 DadaRelay
Na jamani, mwenye aksisi ya kusimama wima asije akasoma huu uzi akadhani tumezungumza usalama wa mtu. Moduli ya kawaida ya inputi, hata iwe na kasi gani, haihesabiki kwenye usalama. Kama pale mtu anaweza kuweka kichwa, unataka swichi ya kufunguka kwa nguvu ya kimekanika, ile yenye alama ya mshale ndani ya duara, ikienda kwenye relei ya usalama au kwenye moduli za usalama zinazotumia PROFIsafe, FSoE au CIP Safety. Hizo zinapita kwenye kebo hiyo hiyo ya mtandao, ila kila ujumbe una namba yake na ukaguzi wake na muda wake wa kufa. Na mkizima kwa STO mkumbuke STO inaondoa nguvu ya mota tu, mzigo wa wima unashuka wenyewe kama breki haijashika.

#31 KeboZaKale
Dada umesema ujumbe wa usalama unapita kwenye kebo ileile ya mtandao. Kwa hiyo mtandao haukuwa mbaya.

#32 DadaRelay
Sijawahi kusema mbaya. Wewe ndo ulisema #2.

#33 mtoto_wa_PLC
Chukua maua yako dada 💐

Ila mkuu Nati kapotea, au kagonga stopa?

#34 NatiLegevu
Nipo, nilikuwa na kazi. Mrejesho. Limiti zote mbili za X nimezirudisha kwenye inputi za draivu, nimekubali yaishe. Sensa ya hom imebaki kwenye moduli. Bati la hom nimelisogeza 4 mm. RPI nimeishusha mpaka 5. Na nikiwa huko chini nikakuta soketi ya M12 ya hom ya X haijakazwa mpaka mwisho, nimeikaza. Siku ya tisa leo, X haijaruka.

#35 TransfomaBubu
Bati. Nilisema.

#36 SaaYaUkutani
RPI.

#37 GirisiMoja
Soketi ilikuwa imelegea. L-e-g-e-a.

#38 MzeeBreki
Umebadilisha vitu vitatu vinavyogusa hom kwa mpigo halafu unatuletea jibu moja, sasa sisi tukufanyeje? Rudisha kimoja kimoja tuone kipi kinairudisha 10.

#39 NatiLegevu
Mzee, mashine inafanya kazi, nikiiharibu makusudi ili nyie mjue nani mshindi nitaeleza nini kwa msimamizi?

#40 KeboZaKale
Mwambie ni utafiti.

#41 NatiLegevu
Wakuu narudi kwa aibu. Leo asubuhi Y imeruka. Milimita 10. Y ambayo haijawahi kuruka tangu ifungwe, na sijaigusa hata kidogo.

#42 mtoto_wa_PLC
Uiiiii

#43 TransfomaBubu
Hujaigusa kwa mikono, umeigusa kwa RPI, ni moduli ileile. Y inahomu kwa kasi gani? Na fanya hivi, zima servo, zungusha skrubu ya Y kwa mkono taratibu mpaka taa ya sensa iwake, andika namba ya enkoda, endelea kuzungusha mpaka Z, andika tena. Tofauti ni ngapi?

#44 NatiLegevu
Y inahomu 100 mm/s. Nimezungusha mara tano, 1.2, 1.2, 1.1, 1.2, halafu 1.4.

#45 TransfomaBubu
Kwa 100 mm/s, 1.2 mm ni 12 ms. Ulipokuwa na RPI 20 kuchelewa kwako hakukushuka chini ya hapo, kwa hiyo Z ya kwanza ilikuwa inapitwa *kila siku* na Y ilizoea kuhomu kwenye ya pili. Umeweka 5, sasa kuna asubuhi ishara inafika ndani ya 10 ms na draivu inaiwahi ile ya kwanza. Umeuharakisha mtandao ndo umeiharibu Y.

#46 SaaYaUkutani
Sikubaliani. Hiyo 12 siku ya bahati ilikuwa makadirio ya Mzee, hakuna aliyepima. Weka oskiloskopu kwenye sensa na kwenye autoputi ya draivu ndo tuongee.

#47 GirisiMoja
Mimi naiangalia ile 1.4. Mara nne ni 1.1 au 1.2, mara ya tano imeruka nukta mbili, kwa mkono, bila mtandao wowote, servo imezimwa. Hiyo haijapita kwenye RPI ya mtu. @NatiLegevu shika stendi ya sensa ya Y, isukume kwa kidole.

#48 NatiLegevu
Inacheza.

#49 KeboZaKale
🤣🤣 nati legevu

#50 TransfomaBubu
Inacheza 0.2. Alichoruka ni 10. Hiyo 9.8 nyingine umeitoa wapi GirisiMoja?

#51 GirisiMoja
Wewe mwenyewe #12 umesema Z ikiangukia humo katikati inaweza kupitwa, yaani kusukumwa kidogo tu kunatosha. Nani kaisukuma, mtandao au stendi?

#52 NatiLegevu
Nakaza stendi tu leo. RPI siigusi, bati siligusi. Nikirudi humu na 10 nyingine nitaleta na oskiloskopu.

#53 MzeeBreki
Kitu KIMOJA. Asante sana.